Kijiwe cha kahawa pale Jangwani siku ya mkutano: nyota nne, ya tano imezama kwenye ndoo

Hii rivyuu nilitakiwa niiandike tangu 2015, kila msimu wa kampeni ukija naikumbuka naahirisha, leo naimaliza. Ni ya kijiwe cha kahawa kilichokuwa mitaa ya Twiga na Jangwani, Dar es Salaam, karibu na jengo la Yanga, ukishuka kidogo tu unakutana na viwanja vya Jangwani. Hakina jina wala bango, ni mzee mmoja, jiko la mkaa, birika, benchi mbili na drafti ya vizibo vya soda.

Mi si mtu wa kusimama kwenye umati, mgongo hauruhusu na vibaka wa pale we acha tu. Kwahiyo CCM walipozindua kampeni zao Jumapili ya tarehe 23 Agosti nikasema ngoja nikae kwa mzee nisikilize spika kwa mbali. Jumamosi yake, tarehe 29, ikawa zamu ya UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, na mgombea wao wa urais Lowassa, nikarudi benchi lile lile.

Kahawa kwanza. Chungu kwelikweli, tangawizi imo ila haikukabi koo, inakuja ya moto mpaka kikombe unakishika kwa ncha za vidole. Mia kwa kikombe, kashata ya karanga mia, na hakupandisha bei hata shilingi siku zote mbili, wakati hapo mbele tu maji ya chupa ya mia tano yalishafika buku na boda kutoka Fire kwenda Magomeni nilitajiwa elfu tatu nikacheka nikatembea. Kashata za Jumamosi zilikuwa za juzi bana, jino langu la nyuma ni shahidi.

Ila raha ya pale ni kuangalia watu. Fuso zinashusha vijana wameshapoteza sauti kabla hata mkutano haujaanza, mama kajifunga khanga ya chama kambeba mtoto aliyelala fofofo na spika zote zile, wauza kofia, madogo wa maji ya kandoro na mabeseni kichwani. Jumapili ile kijani na njano kila kona, alafu pale ndo mtaa wa Yanga, kuna jamaa kavaa jezi kaja zake kunywa kahawa wakamvamia wanachama kama watano wakamkumbatia, akajitetea "mi wa Yanga jamani" mpaka akachoka akaimba nao. Jumamosi ikawa magwanda ya kaki na watu wanazungusha mikono ile ishara ya mabadiliko, kama kocha anaomba sub, na jamaa wa katikati ya benchi letu alizungusha na kikombe mkononi, shati langu likapata kahawa ya bure.

Mzee mwenyewe hakuvaa kofia wala fulana ya upande wowote. Umati alikuwa anaupima kwa mabirika. Jumapili alimaliza manne mpaka mkutano unaisha. Jumamosi manne yaliisha saa tisa tu, mkaa ukakata, akamtuma kijana akimbilie Kariakoo. Nikamwambia mzee, hapa mwaka huu nchi inageuka. Akaendelea kusuuza vikombe, akasema, "Mwanangu, yule wa ndevu pale Jumapili kanywa viwili na kofia ya kijani. Na yule. Na wewe." Nikanyamaza, maana yule wa ndevu namkumbuka, alinikanyaga. Oktoba matokeo yanasomwa, Magufuli wa CCM asilimia 58.46, Lowassa 39.97, na mimi nilishaweka dau la kuku mzima kazini kwa kutegemea mabirika ya Jumamosi.

Sasa kasoro. Vikombe vyote vinasuuzwa ndoo moja, na siku ya umati ile ndoo ikifika saa kumi jioni nayo ni kahawa. Chenji hamna, ukimpa elfu tano unaambiwa unywe mpaka iishe. Kulipa kwa simu usiwaze, watu wakijaa vile mtandao unakwama na meseji inaingia umeshafika kwako. Choo ni msamaha wa jirani.

Saa 12 jioni spika zikizimwa usiondoke, hapo ndo patamu. Watu wanapanda kutoka uwanjani sauti zimekauka, mwingine kandambili moja, wote wanataka kitu cha moto, na maneno ya pale benchini yanazidi ya jukwaani.

Sa hivi kijiwe kimesogea juu maana mto Msimbazi ukijaa kule chini hapakaliki, hata mwendokasi inasimamishwa Jangwani mvua ikikolea. Anamimina mwanae, kikombe mia mbili, tangawizi ile ile. Nendeni na hela ndogo ndogo, na msikae benchi la upande wa mtaro, lina msumari.