Madirisha na milango ya nyumba Marekani: soma stika kwanza, muuzaji baadaye

Muuzaji wa madirisha akija nyumbani kwako Minneapolis au Columbus, mara nyingi atabeba vipande vya vioo na taa inayotoa joto kali. Atawasha taa, atakuambia uweke mkono nyuma ya kioo cha kawaida, kisha nyuma ya kioo chake. Tofauti utaisikia, na ni ya kweli. Ila kinachooneshwa pale ni kioo kinavyozuia joto la jua, na mtu wa Minnesota shida yake kubwa ni joto la ndani linalotoka usiku wa Januari. Tena amekuonesha kioo peke yake. Dirisha ni kioo, fremu, na kila mwanya uliopo kati yao.

Kwa hiyo mwombe stika. Dirisha jipya la kiwanda kinachoeleweka hubandikwa stika nyeupe ya NFRC, baraza lisilo la kibiashara lililoanzishwa mwaka 1989 ili madirisha yote yapimwe kwa kipimo kimoja. Namba zake ni za dirisha zima, fremu ikiwemo. Mbili ndizo za kushika.

Ya kwanza, U-Factor, ni kasi ya joto kupita kwenye dirisha. Ikiwa ndogo ni bora. Dirisha la zamani la kioo kimoja na fremu ya alumini huzunguka 1.2, na dirisha zuri la leo liko chini ya 0.30. Ya pili imeandikwa Solar Heat Gain Coefficient, nami nitaiita namba ya jua: sehemu ya joto la jua inayoingia ndani, kuanzia 0 hadi 1. Hii haina "bora" moja. Inategemea unaishi wapi.

Chini yake kuna namba ya mwanga unaopita na, wakati mwingine, ya hewa inayovuja. Ya hewa ikiwepo, isizidi 0.3. Madirisha yanayofunguka kwa bawaba na kubana kwenye mpira huvuja kidogo kuliko yanayoteleza, na kwenye upepo wa Maine tofauti hiyo unaisikia mguuni ukikaa karibu nayo.

Nembo ya Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa bidhaa zinazookoa nishati, ni alama ya kufaulu tu, haipangi nani wa kwanza. Lakini viwango vyake vilikazwa Oktoba 2023 na vinasaidia. Nchi imegawanywa kanda nne. Kaskazini U (yaani U-Factor) isizidi 0.22, au ifike 0.26 kama namba ya jua ni 0.40 na zaidi, kwa sababu jua la bure nalo linahesabiwa. Kanda inayofuata, ilipo Louisville ya Kentucky, ni 0.25. Dallas na Atlanta ni 0.28, Houston ni 0.32, na huko kote kusini namba ya jua isizidi 0.23.

Sasa upangaji wangu, nikianza na wa baridi kali, maana ndiko fedha nyingi inakopotea.

Namba moja ni vioo vitatu vyenye utando wa Low-E na gesi ya agoni (argon) katikati, kwenye fremu ya vinyl (plastiki ngumu) au fiberglass (nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa plastiki). Utando huo ni wa madini, mwembamba hata hauuoni kwa macho, na kazi yake ni kurudisha joto lilikotoka. Kioo cha ndani hubaki na uvuguvugu, kwa hiyo watoto wanaweza kulala karibu na dirisha na maji hayatiririki kwenye kingo asubuhi. Ni zito na ni ghali, lakini kwa vyumba vya kulala na upande upepo unakopiga, lipia.

Namba mbili nampa mtu mwenye nyumba ya zamani yenye fremu za mbao ambazo bado ni nzima: usizing'oe. Ongeza dirisha la pili juu yake, wanaloliita storm window, lenye utando wa Low-E. Bei ni sehemu ndogo tu ya dirisha jipya, na kwa nyumba yenye kioo kimoja kimoja linaleta nafuu kubwa kwa kila dola. Wauzaji wengi hawalitaji kwa kuwa faida yao humo ni ndogo.

Tatu ni vioo viwili vya kawaida vyenye Low-E na agoni, U kati ya 0.25 na 0.30. Kwa nyumba nyingi linatosha, hasa upande wa kusini ukichagua namba ya jua ya juu. Nne naweka vioo viwili vilivyoongezwa utando wa pili kwenye uso wa ndani kabisa, unaoguswa na mkono. U yake kwenye stika inavutia, inakaribia vioo vitatu. Ila utando ule unarudisha joto chumbani kabla halijafika kwenye kioo, hivyo kioo chenyewe kinabaki baridi na umande unakimbilia hapo. Familia inayopika sana na kukausha nguo ndani itaijutia.

Kusini orodha ni fupi. Tafuta vioo viwili vyenye Low-E ya kuzuia jua, namba ya jua 0.23 au chini, na uanze na madirisha ya magharibi. Vioo vitatu Houston ni kutupa fedha. Cha kukataa kabisa ni fremu ya alumini isiyo na kizuizi cha joto katikati, kwani fremu yenyewe inapitisha joto moja kwa moja.

Milango haina mambo mengi. Mlango usio na kioo uwe na U isiyozidi 0.17. Wa fiberglass uliojazwa povu ndio chaguo langu, wa chuma wenye povu unafuata kwa bei nafuu, na wa mbao tupu ni mzuri kwa macho lakini haufiki hapo. Mlango wa kioo wa kuteleza uhesabu kama dirisha kubwa.

Wenye ndugu Uingereza wasilinganishe namba hizi hivi hivi. Kule vipimo ni vya metriki: 1.4 ya London ni karibu 0.25 ya Marekani. Wanatumia pia herufi, A++ hadi E, zinazochanganya joto linalotoka, jua linaloingia na hewa inayovuja. Tangu Juni 2022, England inataka dirisha la kubadilisha liwe U 1.4 au daraja B.

Muuzaji akikuahidi kwamba serikali kuu itakurudishia asilimia 30 kwenye kodi, mkatalie. Punguzo hilo lilikoma kwa madirisha yaliyowekwa baada ya Desemba 31, 2025. Uliza kampuni yako ya umeme au gesi, baadhi bado zina marejesho. Na kama una vioo viwili tayari na fremu hazijaoza, fedha yako ianze darini na kwenye kuziba mianya kabla hujagusa dirisha hata moja.

Kwenye mkataba, andikisha U na namba ya jua za kila dirisha, pamoja na namba ya bidhaa iliyoko kwenye stika, ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya NFRC. Siku ya kufunga, linganisha stika na mkataba kabla fundi hajapiga skrubu ya kwanza, zipige picha, na usiruhusu zibanduliwe mpaka mkaguzi wa mji apite.