Nilifukiza boriti kwenye bani la tumbaku: misimu miwili na mchwa wa Tabora

Naishi Ipuli, Tabora mjini. Huku ukisahau gunia la mahindi sakafuni wiki mbili, ukija kuliinua kitako kinabaki chini. Banda langu la kwanza la kuku nililijenga kwa milingoti mibichi, nikasimika siku ileile niliyonunua. Mvua za msimu huo hazijakatika, banda likawa limeinama. Kwa hiyo mwaka 2023, nilipotaka kujenga jiko na stoo nyuma ya nyumba, nikasema safari hii najaribu kuzikinga boriti na mchwa kwa moshi.

Wazo nililitoa kwa bibi, Urambo. Nyumba yake kubwa ilibadilishwa fito mara tatu nikiona. Jiko lake, lenye mafiga chini na dari la mbegu juu, lilikuwa na boriti nyeusi tii zinazong'aa kama zimepakwa lami, na sikumbuki mtu akizigusa.

Aliyenifanyia kazi ni mzee mmoja wa upande wa Sikonge, zamani mkulima wa tumbaku, ambaye bani lake, yaani banda la kukaushia tumbaku, lilibaki tupu. Tumbaku yetu ni ya mvuke: moshi unapita ndani ya mabomba, majani yanapata joto tu. Yeye aliyang'oa mabomba, moshi ukawa unajaa bani zima.

Nilimpelekea boriti 40 za mlingoti. Swali lake la kwanza: "Mama, hizi zimekatwa lini?" Nikamjibu wiki iliyopita. Akakataa kuzipokea. Nizimenye maganda, nizilaze kivulini juu ya mawe, nirudi baada ya miezi miwili. "Mti wenye maji haunywi moshi," akaniambia. Nilikasirika, maana nauli ya kirikuu nilishalipa, lakini alikuwa sahihi.

Agosti akazipokea. Wiki tatu, moto mdogo wa magunzi na maranda, majani mabichi juu yake ili moshi uwe mzito. Moto ukiwa mkali boriti zinapasuka. Nilifurahi kuona hachomi miti ya miombo, kwa sababu mabani yamekwisha kula misitu mingi ya kwetu. Alinitoza shilingi 2,000 kwa boriti. Zilirudi nyepesi, za kahawia iliyokolea, zinanuka moshi mpaka barabarani.

Sasa misimu miwili ya mvua imepita. Boriti za paa ni nzima, ukiacha ncha mbili nitakazozieleza. Nazichokoa kwa ncha ya kisu, kisu kinagoma. Na kuna jambo sikulitarajia: dumuzi. Mdudu huyu alipogunduliwa mkoani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walimbatiza Scania, na hatoboi mahindi tu, anatoboa hata mti mkavu. Stoo yangu ina mahindi, lakini chini ya boriti zile sijaona hata chembe ya unga wa mbao.

Nguzo ndizo zilizoniumiza. Kumi na mbili nilizifukia ardhini nikiamini moshi utazilinda. Nne zimeliwa. Kwa nje zinaonekana nzima, ukizigonga zinalia kama debe. Moshi unaacha lami na masizi kwenye ngozi ya mti tu, hauzami. Udongo wenye maji unaiosha ile ngozi, mpasuko mmoja ukifunguka mchwa anaingia ndani na kula kwa raha zake.

Kosa jingine lilikuwa langu na fundi wa paa. Alikata ncha za boriti palepale kiwanjani ili zilingane na ukuta. Pale palipokatwa panabaki mti mweupe usioonja moshi, na ncha mbili zinazogusa tofali zimeanza kuliwa kuanzia hapo. Anayetaka huduma hii akate, achonge na kutoboa kila kitu kabla ya kupeleka bani.

Moshi hauui mchwa, wala hauondoi kichuguu. Niliwakuta wamejenga njia yao ya udongo juu ya nguzo iliyofukizwa, bila kuila, wakaenda kumaliza kasha la mbao laini lililokuwa rafuni. Kukagua na kuvunja njia hizo ni kazi ya kila wiki. Halafu miezi mitatu ya kwanza usiweke unga humo. Wangu ulichukua harufu, ugali ukawa hauliki.

Nguzo zilizoliwa nimezikata, nimezikalisha juu ya vikingi vya zege vilivyotoka ardhini kama sentimita 30, katikati nimeweka kipande cha bati kilichochomoza pande zote, ili mchwa wakipanda niwaone. Agosti hii napeleka boriti 30 za banda la mbuzi kwa mzee yuleyule. Zimemenywa tangu Juni, na zote zimeshakatwa kwa vipimo.