Bima ya elimu ya miaka 10 mjini Kisumu: nafuu ya kodi ni ya kweli, ila ina masharti

Kampuni ya bima niliyojiunga nayo hapa Kisumu huwauzia hasa walimu na wauguzi bima ya elimu ya miaka 10, na kivutio ambacho mawakala wake hukitanguliza ni nafuu ya kodi. Katika hilo hawadanganyi. Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu mkazi wa Kenya anayelipia bima ya maisha, ya afya au ya elimu kupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, mradi isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka, na bima ya elimu hukubaliwa iwapo tu muda wake wa kukomaa haupungui miaka 10.

Nafuu hii hupunguza kodi yenyewe wala si mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo ina uzito hata kwa mwenye mshahara wa kadiri. Anayelipa shilingi 8,000 kwa mwezi hupunguziwa kodi ya shilingi 1,200, ambazo kwa miaka 10 hufika shilingi 144,000, na mzazi mwenye kijana anayesoma Maseno hawezi kuzidharau. Cheti cha bima nilipewa upesi, nikakikabidhi kwa idara ya mishahara, na nafuu ikaonekana kwenye pesilipu bila usumbufu. Mfanyabiashara wa soko la Kibuye asiye na mwajiri hudai yake mwenyewe anapowasilisha ritani ya kodi kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kabla ya Juni 30 kupita.

Kasoro iko katika yale ambayo wakala hayasemi mpaka aulizwe. Mteja akiivunja bima kabla haijakomaa, nafuu yote aliyokwisha kupata hukatwa kwenye pesa anazorudishiwa, na kampuni huiwasilisha kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Tena katika miaka ya mwanzo pesa anazorudishiwa huwa kidogo kuliko alizochanga. Kwa watu ambao msiba mmoja huweza kumaliza akiba ya nyumba nzima, sharti hilo lilistahili kutajwa kabla ya kutia sahihi. Vilevile nafuu huja wakati wa kuchanga, si wakati wa kulipa karo: pesa zikishaiva, karo inayolipwa chuoni haipunguzi kodi hata senti moja.

Kwa aliyeajiriwa na ambaye mtoto wake bado yuko chekechea, ningeipendekeza bila kusita, kwa kuwa riba ya akiba ya kawaida benki nayo hukatwa kodi ya asilimia 15. Mwenye mtoto wa Gredi ya 8 asiikaribie, maana itakomaa kijana akiwa amekwisha kuhitimu. Mzazi wa namna hiyo huelekezwa kwenye bima ya miaka 6 ya kampuni iyo hiyo, na kijikaratasi chake cha matangazo kinataja nafuu ya kodi kwa maneno yale yale, ilhali bima ya elimu ya muda huo haitimizi sharti la sheria.