Kimto cha kukalia chenye mkato nyuma, kifandugu changu kimepata nafuu

Jamani kama hujawahi kuteleza kwenye ngazi ukatua kwa makalio hutanielewa, mimi nilitua na kifandugu na toka siku hiyo kukaa ikawa adhabu, kuinuka ndo usiseme, unanyanyuka nusunusu kama mtu anayetafuta shilingi sakafuni.

Kifandugu ni kile kimfupa cha mwisho kabisa cha uti wa mgongo, kinaanzia pale unapoishia ule mfupa wa pembetatu wa nyuma ya nyonga. Vipingili vyake ni 3 mpaka 5, wengi tunavyo 4, na kimepinda kuja mbele. Watu wanakiita mabaki ya mkia wanadhani hakina kazi, subiri kiumie, kumbe misuli ya sakafu ya nyonga na sehemu ya misuli ya makalio imejishikiza hapohapo, ndo maana mpaka chooni nilikuwa nakunja sura.

Nilianza na ule mto wa duara kama donati, haukunifaa, tundu liko katikati halafu kifandugu changu kinaangukia ukingo wa nyuma, yaani palepale panapouma. Huu wa sasa una umbo la U, nyuma umekatwa, uzito unabebwa na mapaja na ile mifupa miwili ya kukalia, kifandugu kinabaki hewani hakigusi kitu. Siku tatu za kwanza niliukalia kinyume, mkato mbele, nikautukana bure, msinicheke.

Ila usijidanganye, ukiegemea sana nyuma uzito unahamia kule kule na mto wote unakuwa kazi bure. Kaa wima, au inama mbele kidogo.

Ubaya wake: sponji ni laini mno, mimi mwepesi unanitosha ila ndugu yangu mwenye mwili aliukalia ukabonyea mpaka mkato ukawa hauna maana, kama una kilo zako tafuta wenye sponji ngumu. Pia unakunyanyua, miguu isipofika chini vizuri mapaja yanakufa ganzi. Kava lina zipu, linafulika, hapo safi.

Naupa 4 kwa 5. Na wewe ambaye miguu inakosa nguvu au haja ndogo inagoma kutoka, usiagize mto, wahi hospitali leo leo.