Uzoefu wangu: kulala kwenye hoteli ya zamani katikati ya mji wa Iringa

Nianze na ushauri kabla ya habari zenyewe: ukienda kwenye hoteli za enzi za ukoloni pale Iringa mjini, uliza kwanza kama chumba unachopewa kiko kwenye jengo lenyewe la zamani au kwenye lile lililoongezwa nyuma. Niliyokaa mimi siitaji jina, kwa kuwa nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia, lakini mengi ya haya utayakuta kwenye hoteli nyingi za umri wake huku Nyanda za Juu Kusini.

Nilikwenda na baba, mwezi wa saba. Tulitoka Mbeya kwa basi, tukashuka stendi ya Igumbilo, bajaji ikatupandisha mlima wa Ipogolo hadi mjini. Baba aliendesha malori ya mizigo ya Zambia miaka ya sabini, na kila alipopanda mjini kutafuta vipuri alikuwa akiipita hoteli ile na bustani yake bila kuingia. Siku zile dereva wa lori alilala kwenye gari lake. Nilitaka alale humo angalau mara moja akiwa na nguvu zake.

Mapokezi walitupokea vizuri sana. Binti aliyekuja kuchukua mabegi alimwambia, "Shikamoo babu, kamwene," na baba akaitikia kwa Kihehe chake cha barabarani, "Kamwene mwanangu," wakacheka wote wawili kama ndugu. Tangu hapo yule binti alikuwa wa baba. Asubuhi alimletea chai kabla hata hajaagiza, na alipomwona anapanda ngazi za baraza polepole alikwenda kumshika mkono. Huduma ya namna hiyo haiko kwenye orodha ya bei, na kwangu ndiyo iliyoibeba safari nzima.

Usiku wa kwanza, hata hivyo, haukuwa mzuri. Tuliwekwa jengo la nyuma: vigae, madirisha ya alumini, dari ya jipsamu, runinga kubwa ukutani. Kwa macho ni chumba kizuri. Lakini Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka likakaribia nyuzi 10. Vigae vile vilikuwa vinauma miguu, na ukuta mwembamba haukuzuia chochote. Hita ya bafuni ilitoa maji ya moto yaliyomtosha mtu mmoja tu. Baba alioga, mimi nikalala nilivyo. Asubuhi nilimfuata meneja, nikamweleza kwa utulivu kwamba nina mzee wa zaidi ya miaka sabini na baridi hii haimfai. Hakubisha. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumehamishiwa mbele, bila kuongezwa hata shilingi.

Na hapo ndipo nilipoelewa watu wanalipia nini. Kuta za jengo la mbele ni nene, unaweza kukaa kwenye kizingiti cha dirisha na miguu yako yote ndani. Sakafu ni ya mbao, dari iko juu, kitanda na kabati ni vya mninga mzito ambao siku hizi fundi akikutajia bei yake unanyamaza. Pembeni kuna meko ya ukutani yenye dohani, na bado yanafanya kazi! Jioni mhudumu alileta kuni za miwati, akawasha, chumba kikashika joto na kubaki nalo mpaka alfajiri. Baba alivua koti, jambo ambalo mwezi wa saba halifanyi hata nyumbani kwake.

Aliyejenga vile alikuwa na sababu. Wakati wa Waingereza, Iringa ilikuwa kituo kwenye barabara kuu iliyotoka Nairobi, ikapita Arusha na Dodoma, ikashuka Mbeya kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mtu alikuwa akifika amejaa vumbi, ametikiswa kutwa nzima, kiu chake kikubwa ni maji ya moto na kitanda kikavu. Kwa hiyo baraza refu linatazama uani, magari yalipoegeshwa, na kila chumba kikubwa kina moto wake. Lami ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia ilikuja miaka ya mwanzo ya 1970, na mabasi na malori yakawa yanapita chini Ipogolo bila haja ya kupanda mjini. Jengo la mbele limebaki na akili ile ya zamani ya kupambana na baridi. Lile la nyuma limechorwa kana kwamba tuko Sinza, kwenye joto la Dar es Salaam. Naomba sana wamiliki wasije wakaziba yale meko wala kung'oa zile mbao wakidhani wanaboresha.

Chakula ni cha kawaida, isipokuwa chai, ambayo ni ya Mufindi na inapikwa na maziwa halisi. Kifungua kinywa kilichopangwa mezani ni mayai, soseji na mkate uliochomwa. Uji wa ulezi, magimbi na viazi vitamu vipo jikoni, tena vitamu, ila mpaka uombe. Kwa nini vifichwe? Kuku wa kienyeji wa jioni alichelewa sana, basi ukimtaka agiza mapema mchana.

Bei ilinikera kwa jambo moja. Orodha iliyobandikwa mapokezini ilikuwa kwa dola, wakati tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni. Nilipouliza, walinitajia bei ya shilingi, nayo ilikuwa nafuu kidogo kuliko nilivyopiga hesabu, VAT ya asilimia 18 ikiwa imo ndani. Mtanzania mwingine angeona zile dola akageuka mlangoni, akidhani mahali pale hapamhusu. Ndivyo baba alivyodhani miaka yote ile.

Jambo linaloniuma zaidi liko ukutani. Ukumbi mzima umepambwa kwa picha za zamani: wazungu na bunduki zao, pembe za ndovu, magari ya safari, akina mama wa kizungu wanakunywa chai barazani. Ni historia, siikatai. Lakini mji wenyewe ulipo pale kwa sababu gani? Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililisambaratisha jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo. Wajerumani wakarudi, wakaiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, na mwaka 1896 wakaweka kituo chao cha kijeshi hapa juu ya mlima. Hoteli imesimama kwenye mji uliotokana na vita hivyo, na hakuna picha hata moja inayosema hivyo.

Tuliyapata hayo kwa miguu yetu. Kutoka hotelini hadi Makumbusho ya Boma ni mwendo mfupi hata kwa mzee. Ni jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, na limetunzwa vizuri. Kesho yake tukaenda Kalenga kwa gari la kukodi, kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Fuvu la Mkwawa liko pale, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, ingawa Mkataba wa Versailles ulikuwa umeagiza lirudishwe tangu 1919. Baba alisimama mbele yake amevua kofia. Njiani kurudi aliongea kuliko siku zote za safari.

Hotelini wanauza safari ya Ruaha kwa wageni, wana kipeperushi chake chenye rangi. Kalenga, iliyo jirani zaidi na ya bei rahisi mno, hawaitaji. Nilimwambia meneja, naye alisikiliza kwa heshima, akasema atalifikisha kwa mwenye mali.

Mengine kwa ufupi: Ijumaa na Jumamosi muziki wa baa za jirani unafika vyumbani hadi usiku mwingi. Umeme ulikatika, jenereta ikawashwa haraka. Soko Kuu liko karibu, ukitaka vikapu vya Iringa usinunue kile cha kwanza unachoonyeshwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba wageni wa Ruaha hujaza vyumba vya mbele, kwa hiyo piga simu wiki kadhaa kabla.

Ningerudi, na nitamleta mama pia. Ila nasisitiza kwa mwenye hoteli: picha ya Kalenga pale ukumbini, ramani ndogo ya kwenda Boma mapokezini, na uji wa ulezi mezani asubuhi, vyote kwa pamoja havifiki gharama ya chumba kimoja kwa usiku mmoja.