Ofisi ya wakili katika tarafa ya Kenya, Lubumbashi: ushauri imara, bei haitangazwi mapema

Nilimsindikiza mjomba wangu, mfanyabiashara aliyelipwa Nairobi kwa hundi isiyo na fedha, ambaye aliamini kwamba akishapeleka malalamiko yake, mahakama ya huko itaendelea na kesi hata asipofika. Mama Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya (nchi, si tarafa yetu) na kumwonyesha kwa ncha ya kalamu kwamba mlalamikaji aliyearifiwa siku na mahali pa shauri, asipofika ilhali mshtakiwa amefika, mahakama humwachia mshtakiwa huru, isipokuwa ikiona ipo sababu ya kuahirisha.

“Mzee, akishaachiwa hivyo, hashtakiwi tena kwa kosa lilelile,” alimwambia, na mjomba akanyamaza.

Alimwandikia ombi la kuahirisha lenye sababu na vielelezo, liwasilishwe kabla ya tarehe na wakili wa Nairobi, kwa kuwa yeye mwenyewe, alisema bila kuzungushazungusha, hana ruhusa ya kusimama katika mahakama za huko. Uwazi huo ndio ulionipendeza kuliko yote.

Kasoro zipo: tulisubiri sana kwenye benchi la nje, bei ikatajwa mwishoni, kwa dola, na risiti ilibidi iombwe. Anayekwenda aulize malipo kabla ya kuketi, na abebe karatasi ya mwito, maana bila hiyo faili halifunguliwi.