Manga Plus: chapta mpya Jumapili saa kumi na mbili jioni, muda mmoja na Tokyo

Wadau wa manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, kama bado unasoma kwenye zile saiti za wizi zilizojaa matangazo ya kamari, tafsiri imechapiwa na kurasa hazionekani vizuri, achana nazo. Manga Plus ni apu ya Shueisha wenyewe, kampuni ya Japani, ndo hao hao wanaochapisha gazeti la manga la Shonen Jump, ipo tangu Januari 2019 na kuanza kusoma ni bure. Ile wiki ambayo Oda, mchoraji wa ile hadithi ya maharamia ya One Piece, hajapumzika, chapta yake inatoka Japani Jumatatu saa sita kamili usiku, kwa saa za kwetu ni Jumapili saa kumi na mbili jioni, yaani magharibi inakaribia na wewe unafungua ukurasa ambao mtu wa Tokyo nae ndo kwanza anaufungua. Kwa hilo tu naipenda hii apu kuliko zote.

Maana zamani haikuwa hivi kabisa. Jump ilianza 1968, gazeti nene la karatasi ya bei chee, ndani wanaweka kadi ya posta, msomaji anachagua hadithi tatu alizozipenda anairudisha. Hadithi isiyopata kura inakatwa, hata kama mchoraji alikua na mipango ya miaka kumi mbele. Ukali huo ndo uliotupa Dragon Ball, Slam Dunk, baadae Naruto. Mpaka kufika 1995 toleo moja lilichapwa nakala milioni 6.53, hebu fikiria, toleo moja! Mwaka huo huo Dragon Ball ikaisha, mauzo yakaporomoka, One Piece ikaja 1997. Sisi huku hayo yote yalitupita, tulikua na gazeti letu la katuni la Sani na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, Wajapani tukaja kuwajua kwa anime, zile katuni zao za video, za kwenye flash.

Sasa matumizi. Hadithi nyingi za Kiingereza unasoma chapta zote bure ila chapta nyingi ni mara moja tu, ukitaka kurudia ndo wanakuletea kifurushi, cha chini kilianza kwa dola 1.99 kwa mwezi. Kwa mtu anaependa kurudia rudia kama mimi hiyo inauma, ila wachoraji wanalipwa kwa hiyo naikubali. Kama bando lako dogo ingia kwenye setingi ushushe ubora wa picha. Ila kwa One Piece usishushe, Oda anabana vijisanduku vingi kwenye ukurasa mmoja na maneno ya pembeni yanakua madogo mno, na zile kurasa mbili zilizoungana laza simu ndo utaona meli nzima. Kusoma ni kulia kwenda kushoto, aliyepita madrasa hapati shida.

Kinachoniumiza kweli ni lugha. Kiindonesia kipo, Kithai kipo, Kivietinamu kipo, Kiswahili hakuna, na watoto wa mtaani kwetu wanajua majina yote ya Straw Hats, wale maharamia wa One Piece, lakini wanaishia kuangalia picha tu. Shueisha watuangalie jamani, wasomaji tupo wengi. Nawapa nyota nne, ya tano wataipata siku Kiswahili kikiingia.

Kwa anaeanza, usijitwishe One Piece yenye chapta zaidi ya elfu moja, anza na Kagurabachi, imeanza Septemba 2023 tu, unawafikia wenzako mapema halafu Jumapili mnasubiri wote.